Firigisi ya Mzee Kalinga

Kihesa, Iringa
Jumanne, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Saida,

Assalaam aleikum. Naanza kwa kukuuliza hali kabla sijaingia kwenye mengine. Goti linaendeleaje? Bado linakukatalia kuinama shambani? Na mpunga mmeshauanika, au hizi mvua za ghafla zimewavuruga huko Rujewa? Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Wifi yako Siwema anakusalimu sana, anasema mchele uliotutumia mwezi uliopita ukiwa jikoni majirani wanachungulia dirishani. Baridi ya Iringa unaijua, tunalala na mablanketi mawili na bado tunagombania moja.

Utashangaa kupata barua, maana mimi na kalamu tuliachana siku nyingi. Nimempa Idrisa, jirani yangu, anayekuja huko kuchukua mchele. Ningepiga simu, lakini dada, wewe umepiga mara tatu na mara tatu nimekuambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nakata.

Najua unachotaka kuniuliza. Unataka kujua kwa nini wazazi wa Nusrat kule Ilula walirudisha posa ya mwanao Junaid. Mwezi na nusu sasa tangu ile barua ya posa irudi, kitambaa tulichoifungia kimefuliwa na kupigwa pasi, ndani hamna neno la ndiyo wala la hapana. Mwanzoni hata mimi sikuelewa, wallahi. Sasa naelewa kidogo, na hicho kidogo kimenichanganya kuliko nilipokuwa sielewi kabisa. Ngoja nijaribu kukueleza kwa mpangilio, ingawa mpangilio wenyewe sina.

Unakumbuka mwaka jana nilipoanguka sokoni, mkanikuta nimelazwa, presha juu na sukari juu. Nilipotoka, muuguzi mmoja wa kituo chetu cha afya, anaitwa Devota, aliniweka kitako akaniambia nimeze dawa zangu na nibadilishe chakula. Akasisitiza nisikurupuke. Nianze na mlo mmoja kwa siku usio na nyama, mwili ukizoea niongeze siku nzima, kisha siku mbili, hivyo hivyo taratibu, mpaka maharage, majani na nafaka visiwe adhabu bali chakula changu cha kawaida. Mimi, Bushiri, mtu wa supu ya makongoro kila asubuhi! Nilidhani ananitania. Nikamuuliza dagaa wako upande gani, maana sisi kila kinachoshuka na ugali tunakiita mboga. Alicheka mpaka akafuta machozi, na jibu alilonipa sikulielewa vizuri hadi leo.

Siwema akalivalia njuga. Mchana ikawa ugali wa dona na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, jioni kande, uyoga ukija msimu wake ni uyoga. Wiki ya kwanza nilinuna, nikawa napita njia ya buchani makusudi ninuse tu. Mwezi wa pili nikaacha kununa. Mwezi wa nne nikapandisha kutoka sokoni mpaka nyumbani bila kusimama, nikafika nikagundua sikuhema. Kipimo cha presha kikaanza kusema maneno mazuri. Kwa kweli dada, nilijisikia nimerudishiwa mwili wangu wa ujana, na sikutaka mtu yeyote auguse.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nikawa mhubiri. Nikienda kwa mtu naangalia sahani yake badala ya uso wake. Siwema akaniambia afadhali enzi za makongoro, nilikuwa mgonjwa lakini nilikuwa na watu. Nikamjibu kwamba ana wivu na afya yangu. Usinicheke.

Sasa ndiyo siku ya posa ikafika. Ulinituma mimi kwa kuwa ni mjomba mtu na Ilula ni karibu na hapa, nikaongozana na Idrisa. Watu wale walitupokea vizuri sana, dada, sijui nikuambieje. Mzee Kalinga, baba yake Nusrat, alitoka mpaka barabarani kutupokea. Maongezi yalikwenda vizuri, posa ikapokewa, tukanawa mikono. Nusrat mwenyewe ndiye aliyeleta chakula, amepiga magoti, na juu ya wali wangu alikuwa ameweka firigisi ya kuku, nzima, peke yake, inang'aa.

Wewe umenilea, sina haja ya kukufundisha maana yake. Firigisi haipewi mtu ovyo. Ni ya baba mwenye nyumba, na siku ile Mzee Kalinga alikuwa ameinyima sahani yake ili nipewe mimi. Nikiila, nimesema tumekuwa ndugu.

Sikuila. Nilitaka kueleza kwamba sili nyama siku hizi, nikaona nitawaharibia shughuli yao. Minofu nikaisogeza kwa Idrisa, naye alishughulika nayo bila maswali. Firigisi nikaizungushia kitambaa cha mkononi, nikaitia mfuko wa kanzu. Niliona nimefanya jambo la busara! Nikasifu mapishi, nikaomba dua, tukaaga. Njiani nikaitupa, mbwa akaiwahi. Siwema alipouliza doa la kanzu nikasema ni mafuta ya wali.

Posa iliporudi sikuunganisha mambo haya mawili hata kidogo. Nilifikiri labda amejitokeza mchumba mwingine, labda binti kakataa. Nikazunguka na mawazo hayo mpaka Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, ambapo Matilda, mama mmoja wa Ilula anayetuletea nyanya hapa sokoni, alinivuta pembeni. Akaniambia kwao wanasema yule mjomba aliyekuja kuposa aliondoka na firigisi ya Mzee Kalinga mfukoni. Shangazi wa Nusrat aliniona wakati naificha, na niliposimama kuaga mafuta yalikuwa yameshapenya kwenye kanzu nyeupe, wakayatazama wote. Tangu siku ile wanajiuliza mtu mzima anapeleka wapi kipande cha kuku wa watu, tena kile cha baba mwenye nyumba. Unaelewa wanachowaza. Wanadhani niliipeleka kwa mganga nikaifanyie jambo. Na Mzee Kalinga wiki ile ile aliumwa tumbo siku tatu!

Dada, nilikaa juu ya tenga la nyanya za watu. Nicheke? Nilie? Mtu nimekula majani mwaka mzima ili niishi, leo naitwa mchawi kwa sababu ya kuku.

Nilimkimbilia Devota nikitaka aniandikie cheti, niwaonyeshe wale wazee kwamba nilikatazwa. Alinitazama kwa mshangao. Akasema hakunikataza. Aliniambia tangu mwanzo kwamba mtu akialikwa na watu, kipande kimoja hakirudishi maradhi, kinachojenga afya ni kile anachokula siku zote. Ni kweli aliniambia. Nilisikia, nikajifanya sikusikia.

Basi sababu ni hii, na nimeizunguka kurasa zote hizi. Ukutani kwangu pana kalenda, nilikuwa napiga alama kila siku niliyopita bila nyama. Siku ya posa ilikuwa ya tisini na saba. Nilitaka kufika mia, niende nikatambe kibarazani. Afya yangu haikuwa na hatari yoyote siku ile. Zilikuwa siku tatu tu, dada.

Na hilo siyo baya kuliko yote. Lililo baya ndilo linalonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Junaid alikuja hapa kutoka Mbalizi, Jumapili iliyofuata baada ya Matilda kuniambia. Alikuwa amekonda. Aliniuliza mjomba, kasoro yangu ni ipi, niambie nijirekebishe. Nilikuwa najua kila kitu tayari. Mdomo ulifunguka nikasema nisichokifikiri: nikamwambia huenda watu wa Ilula wamesikia habari za pombe ya marehemu baba yake, wakaogopa damu ile. Nimemsingizia shemeji yangu, ambaye aliacha pombe kabla Junaid hajazaliwa na hawezi tena kujitetea. Junaid hakubisha. Alishukuru, akachukua begi lake, akaondoka hata chai hajamaliza.

Simu ya mwisho, kabla sijaikata, uliniambia kwamba alipokuja Rujewa alikataa kwenda na wewe makaburini kumsomea baba yake, na wewe ukalia usijue umemkosea nini. Hujamkosea kitu. Ni maneno yangu yale.

Jumamosi nakwenda Ilula. Sijui nitaanzia wapi. Nikisema kweli wataniona mpumbavu, nikinyamaza wataendelea kuniona mchawi, na sijui kama mtu mwenye akili zake anaweza kuamini kwamba firigisi ilifichwa kwa ajili ya kalenda. Labda hawatanifungulia mlango. Siwema anasema tutakwenda wote, na wakitutengea chakula nitakula walichopika, iwe majani au kuku. Nimekubali.

Lakini Ilula ni ya pili. Nakuomba usinihurumie, barua hii mpe Junaid aisome mwenyewe, yote, hata hapa ninapotia aibu. Kisha umwombe, siyo kwa ajili yangu, akamsalimie baba yake.

Nisalimie wote hapo nyumbani na majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wapo. Goti ulikande kwa maji ya moto asubuhi, usibishe. Mungu akuhifadhi mpaka nitakapoweza kukutazama usoni.

Mimi mdogo wako,
Bushiri