Ugoro Wangu Haukumtapisha Mtu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Chafya, ndivyo anavyojulikana na wote
Umri: Miaka 63
Kazi: Kuuza ugoro sokoni
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya ghala la tumbaku

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa saba mchana, mkwe wangu aliletwa nyumbani na wenzake wawili kutoka shambani anakochuma tumbaku. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Gauni lake lilikuwa chapachapa. Majani mabichi aliyabeba kwapani asubuhi nzima. Alikuwa akitapika, mate yanamchuruzika. Alisema, "Mama, nyumba inazunguka." Ana mimba ya miezi mitano.

Nilimvua nguo zote, nikamsugua kwa sabuni na maji mengi, nikampeleka zahanati. Saa tisa wakaletwa wachumaji watatu wengine, hali ileile.

Saa kumi akaja pale zahanati msimamizi wa shamba. Hata pole hakutoa. Alininyooshea kidole: "Huyu muuza ugoro ndiye kawapa sumu." Nikamjibu, "Mwanangu, mkwe wangu ugoro haunusi. Nikifungua kopo tu, anakimbilia uani." Akatoa karatasi niweke sahihi kwamba nimekosa. Niliichana. Andika hivyo hivyo afande, nimeichana.

Tumbaku naijua. Marehemu mama alinifunza: unga wake ni wa puani, maji yake ni ya kuogeshea mbuzi wenye kupe, na hayo maji hayanywi. Mbuzi wetu mmoja aliyalamba kwenye ndoo, jioni hakuiona. Zamani tulichuma umande ukishakauka, maana jani bichi likilowa, sumu yake hupenya ngozini. Msimu uliopita nilimwambia msimamizi hayo kwa mdomo wangu. Alicheka: "Bibi, tumbaku haisubiri jua."

Muuguzi anasema mtoto tumboni anacheza. Nimeletewa ujumbe kutoka shambani kwamba nisiponyamaza, mkwe wangu atafukuzwa kazi. Na afukuzwe. Tutakula tutakachopata, lakini uongo wao sitaumeza.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo. Sipunguzi neno.

Sahihi: (ameandika mwenyewe)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, akakubali kuwa ni sahihi. Nilimshauri aondoe neno "uongo"; amekataa. Nje ya chumba hiki wamekaa wachumaji tisa. Wanasema nao wamekuja kuandikisha maelezo yao.