Kimya cha Mwalimu Crisóforo

Jiji la Meksiko, 9 Septemba 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine umfikishie mama huko jikoni. Mimi ni mzima, ila mafua ya mji huu hayataki kuniacha. Miguu ya mama inaendeleaje? Na tuba yako, baragumu lile zito, je, bado inalala kitandani huku wewe ukilala mkekani, kama mama anavyodai?

Nina habari, kwa hiyo kaa kwanza. Profesa Barragán amenipa niongoze okestra ya chuo mwezi wa Januari. Ndio mtihani wangu wa mwisho. Aliponiuliza nitaongoza kazi ya nani, sikungoja amalize swali. Nikasema: ya Mwalimu Crisóforo Luna wa San Andrés Yagabeo. Wenzangu wakatazamana, maana hakuna aliyewahi kumsikia. Mimi nikavimba kichwa. Nimekulia kwenye valsi zake za kuchezea dansi, na bibi alizikwa kwa wimbo wake hadi wakalia hata wale waliokuwa hawampendi bibi.

Shida ni kwamba mtihani unataka simfoni, na Mwalimu aliandika moja tu. Baba, nimeisoma mstari kwa mstari na siielewi. Nusu ya wapigaji wanapiga machi ya gwaride, nusu nyingine valsi, wote kwa wakati mmoja, na sauti hazipatani hata kidogo. Na mwisho hauna mwisho! Wote wananyamaza ghafla, halafu inafuata mistari mitupu mpaka chini ya ukurasa, na juu yake ameandika kwa mkono wake: "Mikono isishuke. Ngojeni." Tungoje nini?

Wewe ulikuwepo ilipopigwa huko nyumbani. Niambie ulisikia nini. Nampenda mno Mwalimu, siwezi kusimama mbele ya watu nikiongoza kitu chake nisichokipenda. Wapigaji watanijua kabla sijainua fimbo.

Binti yako,
Otilia

San Andrés Yagabeo, 25 Septemba 1996

Mwanangu Otilia,

Marahaba. Sisi sote wazima, kwa neema ya Mungu na supu ya mama yako. Miguu yake imepona kiasi cha kunikimbiza nayo. Hayo ya tuba ni uzushi. Inalala chini ya kitanda, ila blanketi tunagawana.

Barua yako niliisomea bendi nzima kabla ya mazoezi. Nabor wa ngoma kubwa akalia machozi, lakini Nabor hulia hata akiona mwanapunda. Tumejivuna kupita kiasi.

Sasa hiyo simfoni. Mwanangu, Mwalimu ndiye aliyenifundisha kushika chombo. Angeniambia nipige kwenye mvua ya mawe, ningepiga. Lakini siku ile ya mwaka wa sabini na tano, wewe ukiwa bado unanyonya, nilidhani amerukwa na akili. Alitaka nusu yetu tukae kule chini kwenye kanisa dogo la mwanzo wa kijiji, na nusu wabaki uwanjani. Mara mvua ikamwagika, tukaamriwa wote tujibane kwenye varanda ya ofisi ya kijiji. Tukapiga hivyo hivyo, kiwiko cha Nabor kikiwa mbavuni mwangu.

Unaniuliza nilisikia nini? Sehemu yangu, basi. Wengine wakipiga kitu tofauti, mpigaji hodari haruhusu kiingie masikioni mwake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufunza hivyo, tena kwa ukali. Tulipomaliza, akabaki amesimama mikono juu, akitutazama sisi, kisha akageuka kuwatazama watu. Watu wakakohoa. Mbwa akapita. Mwishowe akaishusha mikono polepole, akakusanya karatasi zake, akaenda nyumbani kwake. Hakuitaja tena mpaka anaingia kaburini, na sisi tukaona ni adabu kutomkumbusha.

Mwombe huyo profesa wako akubali valsi. Valsi za Mwalimu hazijawahi kumwangusha mtu.

Baba yako,
Abundio

Jiji la Meksiko, 8 Oktoba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini hamjambo wote, na Nabor ameacha kulia.

Profesa hataki valsi. Ananiambia nikishindwa niseme kabla ya katikati ya Desemba, nipewe simfoni ya Mjerumani mmoja ambayo kila mtu anaijua. Mazoezi ya kwanza yalikwenda mrama. Mpiga tromboni mmoja alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na ubaya wake ni kwamba nilitamani kumfuata.

Lakini baba, kila nikitaka kuiweka chini namwona Mwalimu na mikono yake juu. Kijiji kiliinyamazisha mara moja. Nikiikataa na mimi, nani tena ataishika? Na kuiongoza kwa kumhurumia sitaki. Nataka kuipenda.

Nakutumia kaseti ya mazoezi. Isikilize, tafadhali, hata kama inakuudhi. Wewe ndiye unayemjua Mwalimu kuliko sisi wote.

Binti yako aliyekwama,
Otilia

San Andrés Yagabeo, 4 Novemba 1996

Mwanangu Otilia,

Natumaini mafua yamekuacha. Sisi tupo, ila mimi nina yangu, nitakueleza.

Kaseti nimeisikiliza kila asubuhi kwa utiifu. Kuku wamepunguza kutaga. Jirani, mke wa Nabor, alikuja kuuliza kama tuna ugomvi ndani. Siku ya Wafu tulipoandaa meza ya marehemu tuliweka picha ya Mwalimu katikati, tukamwekea mkate, chokoleti ya moto na meskali, pombe kali aliyoipenda, nikaona nimpigie na simfoni yake afurahi. Mama yako akasema, "Abundio, zima kitu hicho! Mtu ametoka ahera mbali kote huko, chokoleti yenyewe hajaimaliza, unataka kumfukuza?" Nikazima. Nilijaribu, mwanangu. Nasikia machi, nasikia valsi, na kila mara sikio langu linachagua moja na kuitupa nyingine. Nikijilazimisha kusikia zote kichwa kinaniuma.

Sasa yangu. Meno mawili ya mbele yalitunga usaha na daktari ameyang'oa. Siwezi kupuliza hata kibiriti. Sikukuu ya Mtakatifu Andrés inakuja, bendi ya kijiji cha Santa Rosa inatujia safari hii, na tuba yangu amepewa Nabor. Nabor! Tangu nilipoota ndevu sijawahi kukosa sikukuu. Nimenuna ndani, mama yako anasema nasumbua kuliko kaseti.

Baba yako kibogoyo,
Abundio

San Andrés Yagabeo, 2 Desemba 1996

Otilia mwanangu,

Sikungoja jibu lako. Salamu za wote utazipata mwisho wa barua, nisije nikasahau ninalotaka kusema.

Siku ya sikukuu nilisimama barabarani kama raia wa kawaida, mikono mifukoni, karibu na akina mama waliobeba masufuria ya mchuzi wa mole. Sikujua hata nisimame vipi. Basi, bendi ya Santa Rosa ikaingia kutoka kule kanisa dogo, wanapiga machi yao, vumbi tupu. Bendi yetu ikaondoka uwanjani kuwapokea na valsi yetu, kama ilivyo ada. Wewe unajua, kila bendi haiachi yake mpaka zikutane uso kwa uso. Maisha yangu yote nimekuwa ndani ya bendi hiyo, nimeziba masikio, nawaza nisikubali kuvurugwa na wageni.

Juzi sikuwa na bendi ya kuipigania. Machi ikanijia sikio hili, valsi sikio lile, zikakaribiana, zikagongana katikati yangu mimi na masufuria. Otilia, ni ile ile! Ni simfoni! Nikapiga ukelele, mke wa Nabor nusura amwage mole. Nikamwuliza, "Umesikia?" Akanijibu, "Nasikia kila mwaka, ndiyo raha yenyewe ya sikukuu. Kwani nyie mlio ndani huwa hamsikii?" Nikalia pale pale, na Nabor hakuwepo hata anisaidie kulia. Mwalimu hakurukwa na akili. Aliandika furaha ya wageni kufika, akatupa sisi tuipige, sisi ambao ndio pekee tulikuwa hatujawahi kuisikia.

Watenganishe, mwanangu. Wengine waingie kutoka nje, wakitembea. Hao waliokaa waondoe woga, wawapokee.

Zilipokutana, bendi zikanyamaza kama kawaida, bwana Apolinar, mwenyeji wa sikukuu, akatoka na meskali na maneno ya ukaribisho, tukaenda kula. Nabor alipiga tuba vibaya sana, namshukuru Mungu. Kuhusu ule mwisho wako wa mistari mitupu, bado sina la kukusaidia. Mama yako anakusalimu, na wote.

Baba yako,
Abundio

Jiji la Meksiko, 13 Desemba 1996

Baba, baba, baba,

Shikamoo mara mia! Leo nimepeleka nusu ya wapigaji uani, nikafungua mlango mkubwa wa nyuma, nikawaambia waje kwa miguu. Yule mpiga tromboni aliyecheka alipofika mbele alikuwa anatabasamu hadi midomo haikukamata chombo. Nimemwambia profesa kwamba Mjerumani asubiri.

Mwisho bado unanitisha. Nitanyoosha mikono juu kama alivyoagiza, nitangoja, kisha nitaishusha kama yeye. Sijui zaidi.

Ni tarehe 25 Januari. Kiti chako kiko katikati kabisa, pembeni mwa njia. Njoo, hata bila meno.

Otilia wako

San Andrés Yagabeo, 28 Januari 1997

Mwanangu Otilia,

Sijui kama salamu zangu utazitaka. Mama yako hasemi nami tangu nimhadithie. Naandika kuomba radhi, na kukueleza kwa nini nilitoroka bila kukuona.

Nilikaa pale uliponiweka, kofia magotini, chupa ya meskali chini ya kiti, niliyokuletea wewe na wenzako mnywe baadaye. Nilinyamaza vizuri kabisa. Nilisikia zote mbili, mwanangu, na sikio langu halikutupa chochote. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakaingia wakipiga machi, wakapita kando yangu, vumbi tu ndilo lililokosekana. Wakakutana na wenu mbele. Mkanyamaza. Nikakuona mgongo, mikono yako juu.

Ukumbi mzima kimya. Mtu akakohoa. Wageni wamefika, wamesimama pale mbele, na hakuna hata mtu mmoja anayeinuka! Sikufikiri, Otilia. Aibu ya kuwaacha wageni wamesimama ilinishinda. Nikainuka na chupa, nikavaa kofia, nikaivua tena, nikasema kwa sauti ya uwanjani: "Mmefika, ndugu zetu. Poleni na safari. Nyumba ni yenu."

Watu wote wakageuka. Bibi mmoja mwenye lulu akanitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani. Hapo ndipo nilipokumbuka niko wapi. Nikaacha chupa, nikatoka mbio, nikapanda basi la kwanza. Nyuma yangu nilisikia makelele, na sikutaka kujua ya nini.

Mtihani wako wa mwisho, na mimi nimeuharibu. Nisamehe.

Baba yako,
Abundio

Jiji la Meksiko, 5 Februari 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii msomee mama kwa sauti, ili aanze tena kusema nawe. Na mwambie mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa.

Makelele uliyoyakimbia yalikuwa makofi. Watu walisimama wote, pamoja na bibi wa lulu, ambaye baadaye alinishika mkono asiuachie. Nimefaulu, baba. Ungebaki dakika moja tu ungeona.

Nilikuwa na mikono juu na sikujua la kufanya. Ilinilemea. Niliwaza: basi, sasa naishusha kama yeye, kwa huzuni, na itakuwa imeshindwa mara ya pili. Ndipo nikasikia sauti yako nyuma yangu. Sikugeuka, sikuwa na haja. Mikono ilishuka yenyewe, kwa amani, na wale wa machi na wale wa valsi wakaanza kupeana mikono jukwaani, hakuna aliyewaambia. Mwalimu alisimama vile vile siku ile ya mvua, akawageukia watu, akingoja mtu mmoja tu aseme karibuni. Nimelia kwa ajili yake wiki nzima, halafu nikacheka, maana amekaribishwa.

Meskali tumeinywa yote. Mpiga tromboni anauliza kama ipo nyingine, na anataka kuja sikukuu ijayo. Mwandalieni mahali pa kulala.

Profesa Barragán aliniita kando. Akaniuliza kama yule mzee alikuwa amepangwa. Nikamjibu, ndiyo profesa, alipangwa tangu mwaka wa sabini na tano, ila mwenyeji alichelewa kidogo.

Binti yako,
Otilia