Mume Wangu Anaogopa Dawa ya Lehemu Itamsahaulisha

Mshauri wangu Mama Devotha, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijamkosea zaidi mtu ninayempenda. Naitwa Rahabu, mume wangu ni Magembe, tunafuga ng'ombe huku Gwata tangu tulipohama Misungwi, na mwezi uliopita akiwa anakamua ndoo ilimponyoka, mdomo ukaenda upande, akawa ananiita kwa jina la dada yake marehemu, nusu saa baadaye akarudi sawa, lakini daktari akasema hicho ni kiharusi kinabisha hodi, kwamba lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, inaziba mishipa ya kwenda kwenye ubongo, akampa vidonge vya kila siku, sasa jirani akamwambia ubongo wenyewe ni mafuta, dawa itaukwangua, naye akaniambia, "Mke wangu, siku niliyokuona mnadani imo humu kichwani. Wakikikwangua, nitakujuaje?" Nililia, mshauri, naye akakataa kuvimeza, nikaanza kumsagia vidonge kwenye mtindi kwa siri, naye anakunywa mpaka tone la mwisho akinisifu, na kila akinisifu moyo unanichoma. Nimwambie, au niendelee?

*Mama Devotha anajibu:*

Marahaba, Rahabu. Nilikupigia siku ileile barua yako iliponifikia, maana hili halikuwa la kungoja gazeti, ila wasomaji nao wasikie. Ubongo unahitaji mafuta, hapo jirani hakudanganya. Lakini unajitengenezea wenyewe. Lehemu iliyozidi kwenye damu haiulishi, inauzibia njia. Umempenda vizuri, umemtibu vibaya! Mtu mzima hawekewi dawa kama kuku wa chanjo. Angezidiwa ghafla, daktari akamuuliza anatumia dawa gani, angejibu nini? Nikakwambia umwambie ukweli siku hiyohiyo.

Jana ulinipigia ukicheka na kulia. Ulipomwambia, Magembe alinuna siku mbili, ya tatu akakuita zizini.

"Mwezi mzima nimevinywa?"

"Mwezi mzima, baba. Nisamehe."

"Na wewe bado nakujua."

"Bado unanijua."

"Basi jirani hajui kitu."

Umefanya vema, sasa usilegee. Vidonge avimeze mwenyewe kwa maji, vizimavizima. Samli ipungue, hata akinuna tena. Akihisi kitu chochote hakiko sawa kichwani, amwambie daktari, asiache dawa kwa maneno ya jirani. Mdomo ukienda upande tena, msingoje nusu saa. Hospitali dakika hiyohiyo. Na Alhamisi hii nendeni kliniki wote wawili, umweleze daktari ulichofanya, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.