Kuku Watoe Chumbani

Mwana Aisha, mgomvi wangu mpenzi, salamu tele kutoka Kibokoni kwa bintiyo.

Leo asubuhi amerudi Mdigo mmoja anayemkamatia daktari mbu, wapasuliwe matumbo ijulikane wamekunywa damu ya nani. Akaniambia, "Mzee, mbu wa msitu wa kaya, kule kwa matambiko kusikokatwa mti, wamejaa damu ya ndege."

Nikapiga makofi. "Sikusema mimi? Ndiyo maana nimemwachia mke wangu kuku sita chumbani, ili mbu wawaume hao, nami nikachukua chandarua!"

Hakucheka. "Wa humu mtaani niliwakamata juzi, mzee. Kuku wapo tele uani, na mbu wote walikuwa na damu ya watu."

Sahani ya halwa nikaisukuma kando, nikashika kalamu. Siku naondoka ulikuwa ukitetemeka kwa homa, nami nikasema ni deko tu!

Chandarua nimempa nahodha wa Lamu akuletee pamoja na kadi hii. Kitundike usiku huo huo kikifika. Mimi nitajifunika kanzu gubigubi. Nikirudi nikukute mzima, unitukane kwa sauti ile ile.

Mumeo mjinga,
Bakari