Zabibu za Maria

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Hapa Kolo tupo. Mama yako anavuna mtama kidogo uliosalimika na jua, na goti langu bado linanisumbua.

Unauliza mbona nilinyamaza uliposema unakwenda kujitolea kwenye shamba la familia lisilotumia mbolea ya dukani. Nikiwa msichana nami nilijitolea, kule Ihumwa, kwenye mizabibu ya Mzee Chedego. Pale samadi ililazwa shimoni mwaka mzima kabla ya kuguswa. Mimi, mtoto wa wafugaji, nikajiona naijua kuliko wao. Nikazoa mbichi zizini, nikaijaza kwenye mashina. Wiki haikuisha, mstari mzima wa mizabibu ukaungua kwa ukali wa samadi ile.

"Nani kafanya hivi?" mzee aliuliza, akimtazama Maria, mke wa mwanawe, aliyekuwa mtunza shimo la samadi. Kwao mke wa mtoto habishani na baba mkwe mbele ya mgeni. Maria akaniangalia, akangoja niseme. Nikainamisha kichwa. Mzee akampokonya Maria mistari yote aliyokuwa amemgawia alime mwenyewe.

Siku ninaondoka, Maria alinifungia zabibu za njiani. "Asante kwa kutusaidia, dada," akasema, bila kutabasamu.

Nenda, Zuhura, sikuzuii. Ila mimi niliondoka, Maria akabaki.

Zile zabibu nilizila zote kabla sijafika Kolo. Zilikuwa tamu, mjukuu wangu. Hilo ndilo sijajisamehe.

Bibi yako, anayekuombea safari njema.