Mahame Yetu

Ihanja, Juni 1978

Mume wangu Alute,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Lea wa jirani ananiandikia. Tu wazima, na shangazi yako Magdalena bado anatupikia ugali mbichi.

Tangu tuhamishiwe kijijini, mwaka wa nne huu, ng'ombe wote wanakanyaga mahali pamoja. Majani yamekwisha, limebaki vumbi. Baba yako akaniuliza, "Mama, tuwapeleke wapi?" Nikamwambia awarudishe kwenye mahame yetu, kule tulikohama, ambako samadi ya zizi ililisha shamba tangu enzi za babu yako.

Kumbe mtu akiondoka, pori linarudi. Zamani tulikata vichaka, mbuzi wakala machipukizi, mbung'o wakakosa kivuli cha kukaa. Sasa ni msitu, na mbung'o wamejaa. Wamewauma ng'ombe wakaugua, na ng'ombe watano wamekufa. Ndio wale wa mahari yako.

Baba yako hali chakula, anaona haya kukuandikia. Usimgombeze. Yeye alisita. Mimi ndiye niliyesema, "Peleka, ardhi ile inanijua."

Kwa wakwe zako nitakwenda mwenyewe. Wakitukana, wamtukane aliyekosea.

Mkeo mzee,
Bibi Theodora