Uji wa Mwani Kwenye Ndoo Moja

Nyumbani, Mbooni,
Kaunti ya Makueni.
Jumapili, 15 Septemba 2024.

Mpendwa binti yangu Ndila,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako, na za Susu pia, maana bibi yako amekaa hapa karibu na meza kuhakikisha kwamba jina lake limeandikwa mapema na si mwishoni kama la mpangaji. U hali gani huko Bergen? Kifua kimepoa? Unavaa ile sweta nene ama bado unashindana na baridi? Tunakuombea kila asubuhi, na Susu akikuombea hakumbuki kwamba chai inapoa.

Sisi hatujambo. Goti langu limepona kiasi cha kuniruhusu kushuka shambani, ila kupanda ni lazima nipumzike mahali pawili na kujifanya natazama mandhari. Kaka yako Kimeu bado yuko Kibwezi na matikiti maji yake. Mwaka huu maji ya mto yamemtosha, na alituletea tikiti moja kubwa hivi kwamba mwenye boda boda alidai nauli ya abiria. Huku juu bado ni kavu, asubuhi kuna ukungu, na parachichi za nyuma ya jiko zinaanguka zenyewe. Ningekuwa na njia ya kukurushia moja ningekurushia.

Usiniulize kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Nimepiga, mwanangu. Simu yako inaita mpaka inachoka, na nikituma ujumbe unanijibu kwa kile kikatuni cha moyo. Mimi nimefundisha watoto wa darasa la tatu miaka mingi, namjua mtoto anayejificha nyuma ya mlango hata kama viatu tu ndivyo vinaonekana.

Basi Ismahan, mwenzako wa chumba huko, alikuja kututembelea wiki iliyopita. Alizunguka njia yote hiyo kutoka kwao Mwingi ili amletee Susu ile shali uliyomnunulia. Ni msichana wa heshima sana na hakutaka kusema neno. Tafadhali usimlaumu, mimi ndiye niliyemkamua kwa maswali huku namwongezea chai. Alisema matokeo ya utafiti wako yametoka, kwamba kina mama waliokunywa uji wenye mwani na wale waliokunywa usio na mwani hawakutofautiana hata kidogo. Alisema unataka kumwandikia profesa wako kabla ya mwezi kuisha kwamba mwani haufanyi kitu, kisha uache masomo kabisa urudi nyumbani. Na alisema hukai tena mezani na wenzako. Unakula umesimama, peke yako, karibu na lile kabati la seli.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, ingawa sikumwambia.

Nakumbuka siku ulipotueleza kanisani juu ya hizo seli za misuli, jinsi unavyozilea kwenye visahani, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili, na kwamba lazima uzilishe hata Jumapili. Susu aliuliza kama zina mama. Ukatueleza ulivyozipa maji ya mwani unaolimwa kule pwani, na zikanenepa, zikavumilia zaidi, na sasa ulitaka kujua kama mwani huo unaweza kumsaidia mtu mzima anayepanda mlima na mzigo. Nilikutazama ukiongea nikaona jinsi uso wako ulivyong'aa. Sijasahau, na sitaki wewe usahau.

Sasa nisikilize vizuri. Jumanne ilikuwa zamu ya shamba langu. Mwethya walikuja wote kunichimbia matuta kabla ya mvua, wale wale kina mama wa kikundi cha kulimiana kwa zamu uliowapima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushinda nao shambani tangu goti liniangushe, kwa sababu miezi ile ya utafiti, kama unavyojua, kazi yangu ilikuwa kupika uji kwenye jiko la kanisa asubuhi, kujaza chupa za kifuniko chekundu zenye mwani na za kifuniko cha buluu zisizo nao, kumpa kila mmoja yake, na kurudi nyumbani kuweka mguu juu ya stuli.

Walichimba vizuri sana. Mama Nzau, na umri wake wote, alikuwa mbele ya wasichana. Jua lilipofika kati, Muthoki alitandika majani ya ndizi, akaweka sufuria kubwa katikati, na kila mmoja akaleta alichobeba. Aliyekuja na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa akamwaga, aliyekuja na kunde akamwaga, aliyekuja na viazi viwili akatia viwili vyake. Halafu ukaletwa uji, wa mtama, wa wimbi, wa mahindi, kila mmoja na kibuyu au chupa yake, nao ukamwagwa wote kwenye ndoo moja, ukakorogwa, Muthoki akaomba, tukachota.

Nilikuwa na kikombe mdomoni, Ndila. Nilikishusha. Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida tu, kama hata ule uji wa Ndila walikuwa wanaunywa hivyo.

Mama Nzau alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona mzee mwenzake ameanza kusahau mambo.

"Kwani Mwalimu, uji ya shamba hukunywangwa aje? Si tunamwaganga pamoja?"

Muthoki akaongeza kwamba isitoshe, ile ya kifuniko chekundu ilikuwa inanuka samaki kidogo, na wengine haikuwapita kooni mpaka ichanganywe na ya buluu. Ikichanganywa ilikuwa tamu. Wakacheka wote. Walikuwa wanafurahia kunieleza.

Mwanangu, walikuwa wanachimba matuta karibu kila siku miezi ile. Chupa zako zilikuwa zinatoka mikononi mwangu kanisani na kwenda moja kwa moja kwenye ndoo ile. Hakuna aliyekunywa nyekundu peke yake, na hakuna aliyekunywa buluu peke yake. Kila mmoja alipata nusu ya hii na nusu ya ile. Na ulipowauliza kama walikunywa uji wote, walikwambia ukweli mtupu kwamba walikunywa wote.

Hakuna aliyedanganya. Hakuna hata aliyefikiri kwamba ni jambo la kutajwa. Na wewe, binti yangu msomi, uliyelelewa kwenye ndoo hiyo hiyo, uliyekuwa ukipigania ukoko wa chini na Kimeu, ulipanga kila kitu, mkanda wa kifuani wa kuhesabu mapigo ya moyo, madumu ya maji yenye uzito sawa, njia ya kutoka mtoni hadi kanisani, na hukuwauliza wanakunywa vipi. Mimi niliyekuwa nagawa chupa sikuuliza pia. Tumekuwa wajinga wawili wa ukoo mmoja, na nikikumbuka nacheka mpaka goti linauma. Seli zako kila moja inakula kwenye kisahani chake kwa sababu hazina jirani. Watu wa Mbooni wana majirani.

Sisemi kwamba mwani unafanya kazi. Mimi si mtu wa maabara. Inawezekana ukirudia upate jibu lile lile na mwani ubaki kuwa majani ya baharini tu. Ninachosema ni kwamba bado hujui, na mtu asiyejua hana haki ya kuandika kwamba amejua. Usiandike hiyo barua ya kuacha masomo. Mwandikie profesa wako habari ya ndoo. Kama ni mtu mwenye akili atacheka kwanza, kisha atakuuliza unarudi lini kupima upya.

Nilipowaeleza kina mama maana ya vifuniko vile viwili, kicheko kiliisha. Waliweka vikombe chini. Muthoki aliuliza kama utafukuzwa shule kwa sababu yao. Tulimaliza kazi ya mchana, na wakati wa kwenda hakuna aliyeimba, ilhali unajua mwethya haiondoki shambani bila wimbo. Niliumia kuwaona hivyo, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa wema.

Nilidhani yameishia hapo. Ijumaa ilikuwa zamu ya shamba la Muthoki, lile lenye mteremko mkali ambapo uliangusha dumu ukiwa na miaka tisa na kulikimbiza hadi mtoni. Chakula kilipofika, Mama Nzau alisimama akasema watu wasimwage kitu. Nilidhani kuna ugomvi. Kumbe walikuwa wamekubaliana nyuma yangu kwamba wajaribu, waone kama wanaweza.

Kila mmoja alichukua chupa yake ya uji na kwenda kukaa kwenye tuta lake, mmoja juu, mwingine chini, wakageuziana migongo ili wasijaribiwe. Ndila, sijawahi kuona kitu kama hicho katika maisha yangu. Mlima mzima wanawake wamekaa mbali mbali wakimeza uji bila kusemezana, utafikiri wamepewa adhabu. Muthoki alishindwa mara ya kwanza. Alikuwa ameinua chupa, akaona jirani yake ana uji kidogo kuliko wake, akaanza kuinuka bila kujua. Mama Nzau akamkoholea, akakaa tena. Ndoo ilibaki pale katikati, kavu, imeinamishwa.

Walipomaliza, kila mmoja aligeuza chupa yake chini kunionyesha kwamba haikubaki hata tone. Wengine walikuwa wanacheka, na mmoja alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya leso. Mama Nzau alinijia, akanishika mkono, akanipa maneno ya kukufikishia:

"Hii kitu ni ngumu kushinda jembe. Lakini mwambie Ndila arudi apime. Tutakula kama wezi mpaka amalize."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, sijapunguza.

Mwanangu, kina mama hawa hawajawahi kula peke yao shambani tangu waolewe. Hata mwaka ule wa njaa, ulipokuwa mdogo, hawakula peke yao, walimwaga kidogo kilichokuwepo wakagawana. Walichokataa kukifanya kwa ajili ya njaa, wamekubali kukifanya kwa ajili yako. Wewe nawe unakula umesimama karibu na kabati, umefunga aibu yako kwenye chupa na kuikazia kifuniko, kana kwamba huna watu. Nakuomba kitu kimoja tu. Wao wakijifunza kunywa peke yao, wewe acha. Kaa mezani na Ismahan. Na huzuni yako ilete hapa, uimwage pamoja na yetu, tukoroge tugawane, kwa maana ndivyo tunavyojua kufanya.

Nitapiga simu Jumapili ijayo baada ya ibada. Kina mama wote watakuwa kwangu, na nitaiweka simu mezani ili kila mtu asikie. Pokea. Hata kama huna la kusema, pokea tu tukusikie ukipumua.

Wiki hii Kimeu atampelekea Ismahan barua hii Nairobi kabla hajapanda ndege kurudi huko, pamoja na muthokoi mkavu, kunde, na kikopo cha asali kutoka kwa rafiki yake wa Kibwezi. Vyote mpike mle wawili. Usimwachie Ismahan kazi yote kwa sababu ni mpole.

Susu anakusalimu tena na anauliza kama seli zimekua. Kimeu anakusalimu, anasema tikiti lako liko. Muthoki na Mama Nzau wanakusalimu, na mchungaji pia, aliyeuliza kama jiko la kanisa litahitajika tena nami nikamjibu ndiyo kabla hujaniruhusu. Mfikishie Ismahan shukrani zangu, na umwambie amepata shangazi Mbooni akitaka asitake.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akupe moyo wa kurudia kazi bila kuona haya, na akurudishe kwetu ukiwa na njaa.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kupima,

Kanyiva